Kinyozi na Gunia

Siku ya ishirini ya kuwapaka dawa vipaka wake watatu, Salha aliona manyoya mapya yakichipua kwenye mabaka ya mapunye. Ndipo Hatibu, kinyozi wa mtaa, akabisha hodi, gunia mkononi.

"Dada, wazazi wamenituma. Paka wako wamewajaza watoto wetu mapunye."

"Watoto gani, kaka? Paka hawa hawajavuka kizingiti hiki tangu wazaliwe."

"Mtaa umeshaamua."

Akawatia guniani mmoja mmoja. Alipoinama kulifunga, Salha aliona duara jekundu kisogoni pake, na mfukoni ile mashine inayonyoa vichwa vyote vya mtaa.

Salha alimpa kichupa cha ile dawa, kimebaki nusu.

"Cha nini?"

"Shika tu. Paka wangu hawakihitaji tena."

Hatibu akaondoka akijikuna, gunia likilia begani.