Dirisha la Tunu

Asubuhi ya kwanza ya sheria mpya ya hewa safi viwandani, Tunu aling'oa misumari akafungua dirisha la chumba cha wafumaji. Vumbi la pamba likaanza kutoka. Kabla hajafika kwenye mtambo wake, jirani yake Sikudhani alikuwa ameshalifunga.

"We Sikudhani, una nini lakini?"

"Upepo wako unanikatia nyuzi."

Ilikuwa kweli. Hewa kavu ikiingia, uzi wa pamba hukatika, na humo ndani watu walilipwa kwa wingi wa kitambaa walichofuma, si kwa saa.

"Tumegoma, tumelala rumande kwa ajili ya dirisha hili! Jana tu umekohoa mpaka ukatema damu!"

"Kukohoa nimeshazoea. Wanangu njaa hawajaizoea."

Msimamizi alisimama mlangoni, mikono mfukoni. "Mimi sijamkataza mtu," alisema huku akitabasamu.

Tunu alipandwa na hasira hata asijue amkaripie nani. Akalifungua tena, akavua kiatu akakibana pale lisifungike, akarudi kazini na mguu mmoja mtupu. Uzi wake ndio uliokatika wa kwanza. Akauunga. Ukakatika tena. Akasonya, akauunga.

Nyuma yake mtambo wa Sikudhani ulinyamaza, na nyayo zikaelekea dirishani. Tunu hakugeuka. Alisikia kikohozi kirefu, kisha pumzi ikivutwa polepole, naye akangoja kusikia kiatu chake kikitupwa sakafuni.