Kanuni ya Arobaini na Moja

"Zote, nimesema! Hata moja usiache!" Ofumbi alifoka huku akigonga kioo cha kompyuta kwa kidole.

"Ondoa kidole, Mzee, unanichafulia kioo," Amulen akamjibu. "Arobaini nimeshahamisha. Hii ya arobaini na moja ndiyo nakuuliza: ya nini?"

Ofisi ya Ofumbi, wakala wa forodha pale Malaba, ilikuwa inabadilisha kompyuta inayolinda mlango wa mtandao wake. Ya zamani ilitumia mfumo wa Linux, mpya mfumo uitwao OpenBSD. Amulen, fundi kutoka Nagongera, mama wa watoto wanne asiyejua kubembeleza mteja, alikuwa anaandika upya kanuni zinazosema nani aingie na nani abaki nje.

"Hiyo inamzuia dada yangu, Benedeta," Ofumbi alisema. "Ofisi hii tuliianza sote wawili. Tukagombana, akahamia Tororo na hasira zake. Siku hiyohiyo nikaandika hiyo kanuni mimi mwenyewe, chini kabisa. Miaka sita hajagusa faili yangu."

"Na nywila yake uliifuta?"

"Ya nini, na mlango nimefunga? Madam, uliza mtu yeyote hapa mpakani. Miaka sita forodha haijanirudishia fomu hata moja kwa kosa. Hata moja! Yule mwanamke akiingia ataniharibia jina, leseni iende."

Amulen aliisoma tena ile orodha, polepole.

"Mzee, kaa chini. Mashine yako ya zamani inasoma kanuni kutoka juu. Ikikuta ya kwanza inayomhusu mtu, inaishia hapo. Ya tatu inaruhusu Tororo nzima, kwa ajili ya tawi lako. Hiyo yako ya chini haikuwahi kumzuia dada yako hata siku moja."

Ofumbi alikaa.

"Hii mpya inasoma zote, na ya mwisho ndiyo inayotawala. Nikiihamisha kama ilivyo, atazuiwa leo. Kwa mara ya kwanza."

"Basi hamisha! Unangoja nini?" Akasimama tena. "Miaka sita! Mama yangu! Ameiba nini?"

"Tuangalie. Mashine inaandika kila aliyeingia na alichogusa. Wewe hukuwahi kuangalia?"

"Mimi natafuta mizigo, madam. Kusoma mambo ya mashine naacha kwa watu kama wewe."

"Nimeona," Amulen alisema, akafungua kumbukumbu. Jina la Benedeta lilijaa ukurasa wa kwanza, na wa pili, na wa tatu. Alisoma, mkono mdomoni, mabega yakianza kutikisika.

"Unacheka? Nimeisha, wewe unacheka?"

Amulen akamgeuzia kioo.

Benedeta aliingia kila asubuhi, nusu saa kabla fomu hazijapelekwa forodha. Jumatatu, uzito wa saruji: umesahihishwa. Jumanne, namba ya trela: imesahihishwa. Leo, jina la mwenye mzigo: limesahihishwa. Miaka sita, bila kukosa hata Jumatatu ya Pasaka.

"Haya, Mzee. Niihamishe?"

Ofumbi alikuwa ameshavuta kibodi na kuifuta ile kanuni ya arobaini na moja.