Kobe Amegeuzwa

Dereva alibonyeza kitufe, na amri ikaondoka kuelekea sayari ya Mirihi: Kobe, roboti wao wa magurudumu sita, asogee mbele mita kumi.

"Enhe, umeshamtuma mzee wetu matembezini?" akatania mwenzake aliyekuwa akimaliza zamu. "Mwendeshe taratibu, dada. Nilimgeuza ili paneli zake zipate jua."

"Ulimgeuza?"

"Kwani sikukwambia?"

Hakumwambia. Nyuma ya Kobe, mita chache tu, palikuwa na korongo lenye kina kirefu. Sasa lilikuwa mbele yake.

Kidole cha Dereva kiligoma kuondoka kitufeni, kucha imekuwa nyeupe kwa kukandamiza. Amri ilikwisha kuwa njiani, safari ya dakika kadhaa hadi Mirihi, na hakuna amri nyingine ambayo ingeikimbiza ikaipita.

Mlango ukafunguliwa. Mkurugenzi akaingia na watoto wa shule.

"Haya wanangu, muulizeni shangazi: Kobe anafanya nini sasa hivi?"