Koti la Rubani

Fundi Mwanaidi alililoweka koti la ngozi kwenye beseni, akamvisha Mzee Songoro likingali linachuruzika maji.

"Kaa hapo juani, babu, ukunje viwiko. Likikukaukia mwilini litashika umbo lako. Usilivue kabla."

Lilikuwa koti la kuiga yale ya marubani, na Songoro hajawahi hata kupanda ndege. Alijikalia barazani kifua mbele. Wapita njia wakamtania, "Rubani, leo unatua wapi?" naye akawapungia mkono kama mkubwa mwenye gari.

Akapita Bi Mwatumu, mjane wa rubani. Akasimama, akaigusa kola.

"Kumbe na wewe uliruka na mume wangu?"

"Tuliruka sana, dada," Songoro akajibu, kicheko kingali kinywani.

Bi Mwatumu akavuta kigoda, akaketi karibu. "Wakubwa wake wa kazi waliniletea sanduku la maiti limepigwa misumari, wakanipa karatasi nitie sahihi. Hakuna aliyenieleza neno. Niambie wewe, kaka. Siku zile za mwisho alikuwa anasema nini?"

Songoro aliinama. Mkewe mwenyewe alifia wodini, yeye akiwa amezuiwa getini kwa amri ya wakubwa wa hospitali, na mpaka leo hajui marehemu alimwita nani akikata roho.

Akafungua zipu, akaanza kulivua. Ngozi ilikwisha kumganda viwikoni, mikono ikanasa nyuma.

"Dada, mimi..."

"Ngoja, joto limekuzidi," Bi Mwatumu akasema. Akainuka, akawa anamvua mkono mmoja wa koti, taratibu, kama anayempokea mtu kutoka safarini.