Usukani Mzito wa Mzee Mughwai

Geji ya mafuta ilionyesha tangi limejaa. Ilionyesha hivyo tangu siku Mzee Mughwai alipokabidhiwa gari, miezi minne iliyopita.

"Mafuta hayajapungua hata kidogo, babu?" aliuliza Janeth, karani wa waranti katika kampuni iliyokodisha magari kwa mkataba mjini Singida.

"Mjukuu wangu, geji hainisumbui. Nimekuja kwa ajili ya bampa."

Bampa la mbele lilining'inia upande mmoja, kama mdomo wa mtoto aliyenyimwa uji. Janeth alichuchumaa akalichunguza. Hakukuta mkwaruzo, wala rangi ya gari jingine. Chuma kilichoshikilia bampa kilikuwa kimepinda kuelekea nje, kana kwamba gari lilijaribu kulivua lenyewe.

Alirudi mezani, akafungua fomu. "Kuna tatizo jingine?"

"Usukani ni mzito. Nikifika kwenye kona ya kwangu, pale penye mawe makubwa, naukumbatia kwa mikono miwili. Breki nazo ngumu. Hazishiki mpaka nizikanyage kwa miguu yote miwili."

"Unaendesha mwenyewe?"

"Nani mwingine akae kwenye usukani wangu?" Mzee aliweka leseni mezani. "Hii ninayo tangu nikiwa dereva wa lori la misheni. Na mwendo wangu ni wa kistaarabu. Tangu nichukue gari hili sijampita hata mtu wa baiskeli."

Laurenti, msimamizi wa gereji, alilizungusha gari uani mara mbili, kisha akamwita Janeth pembeni.

"Usukani mwepesi, breki laini. Mzee amegonga kitu, sasa anatafuta gari mbadala la bure. Waranti haihusiki na ajali."

Janeth aliamini kwamba mkataba ni ahadi, na kwamba mkulima wa alizeti anastahili kusomewa ahadi hiyo kwa sauti ileile anayosomewa mkurugenzi. Aliingia garini, akawasha swichi, akasoma kilomita. Zilikuwa ishirini na saba. Na mzee alikuwa amesema kwamba kila wiki hupeleka alizeti mnadani, kwenda na kurudi!

"Kaka Laurenti, geji imeganda. Kilomita zimeganda. Bampa limevutika nje badala ya kubonyea ndani. Umeona wapi ajali inayovuta? Gari hili limetoka kiwandani na kasoro, nasi tunamwita mzee wa watu mwongo."

Laurenti alikuna kisogo.

"Haya, mwanasheria. Saini wewe. Likigundulika jingine, litaitwa jina lako, siyo langu."

Janeth alisaini kwa herufi kubwa.

"Matengenezo yatachukua siku kumi, babu," alisema aliporudi. "Lakini kwa mujibu wa kifungu cha tisa, unaondoka na gari mbadala leo hii."

Mzee Mughwai alivua kofia. "Mungu akuzidishie, mjukuu wangu. Jumamosi binti yangu Anastazia anaolewa. Niliwaahidi wakwe, ukoo wote ukisikia, kwamba bibi harusi atafika kanisani ndani ya gari. Nisipotimiza, wataniita mwongo mpaka kaburini." Akainua kidole. "Tena atafika kimya. Siyo kwa kelele kama harusi zenu za mjini."

Uani kulikuwa na magari mawili ya kuchagua: moja jeupe, jipya, lenye viti vya ngozi, na pikapu ya buluu iliyochakaa. Mzee hakufungua hata mlango wa lile jeupe. Aliinama mbele yake, akapapasa chini ya bampa, akatikisa kichwa. Kwenye pikapu alikuta kulabu mbili za chuma. Alizivuta kwa uzito wake wote.

"Hizi ni imara?"

"Hizo ni za kuvutia gari likikwama, babu. Hutazihitaji."

"Nachukua hili."

Laurenti alishindwa kujizuia. "Mzee, hilo jeupe lina kiyoyozi!"

"Kijana, wewe unatoka wapi? Upepo wa Singida haujakutosha?" Mzee alipokea ufunguo. "Acha niwahi. Wenzangu wawili wananingoja njia panda. Huku mjini hawaingii, wanaogopa honi."

Pikapu ilitoka getini ikikohoa. Janeth aliiaga kwa mkono, moyo wake ukiwa mweupe kama wa mtu aliyeshinda kesi. Ndipo alipogeuka na kuiona leseni, bado iko mezani.

Aliikwapua, akakimbilia bodaboda. "Tuwahi njia panda, kaka! Mzee wangu akikamatwa bila leseni, harusi ya watu imeharibika."

Waliikuta pikapu pale njia panda, kando ya barabara ya vumbi, nje kabisa ya mji, imezimwa. Mzee Mughwai alikuwa ameketi nyuma ya usukani, wima, mkanda ameufunga kama mkataba unavyoagiza. Kioo cha dirisha kilikuwa kimeshushwa, na mkono wake wa kulia ulikuwa nje, umeshika fimbo ndefu.

Minyororo miwili ilitoka kwenye kulabu za chuma hadi kwenye nira, na ndani ya nira maksai wawili walikuwa wakimalizia kutafuna.

"Polepole, wanangu," mzee aliwaambia, akiwagusa migongo kwa ncha ya fimbo. "Jumamosi tunambeba bibi harusi."