Kushoto kwa Bi Korongo

Zamani, wanyama walipokuwa bado wakijuliana hali kila asubuhi, Bi Korongo mjane alikakamaa shingo, hata kuinama kunywa maji kukamshinda. Akamwendea Mzee Kobe, ambaye kutwa kazi yake ni kutoa shingo na kuirudisha.

"Geuka kulia taratibu," Kobe akamwambia. "Haya, sasa kushoto."

Bi Korongo akageuka kulia, akarudi katikati, akasimama hapo.

"Kushoto, bibi wewe!"

"Kushoto kunauma."

"Hujageuka, umejuaje?"

Bi Korongo akasema, "Marehemu mume wangu alikuwa akitembea upande huo, Mzee. Tangu tumzike sijautazama."

Kobe akaingiza kichwa gambani, akakaa humo kidogo, akakitoa. "Sema Bismillahi, ugeuke."

Akageuka polepole. Shingo ikalia, ikalegea. Kushoto palikuwa na majani tu, yamesimama, hayajakanyagwa. Akalia sana.

"Shingo imelegea," akasema, "lakini sasa unauma moyo."

"Huo sina zoezi lake," Kobe akajibu. "Huo mwachie Mungu. Wewe kesho geuka tena."

Kesho yake Bi Korongo alianzia kushoto, akamwombea marehemu, ndipo akainama kunywa maji.