Jina Kwenye Mshale

Sarafu ya fedha ilikuwa bado na joto la mkono wa meya. Veit aliigeuza taratibu. Mji mzima ulichongwa humo, hata madirisha ya kanisa. Miaka ishirini ya kulenga shabaha, na leo zawadi ya mashindano ni yake!

Karani akamrudishia mshale ulioshinda. Kila mshale ulikuwa na jina la mwenyewe, lakini huu haukuwa na jina la Veit, bali la fundi mapipa, mgeni kutoka mji wa Ulm.

"Vipi, bingwa, mbona umeduwaa?" mchekeshaji wa mashindano akamtania, akipunga ubao wa kuwachapia walioshindwa.

Veit akamwendea yule mgeni wa Ulm, akamtilia sarafu kiganjani, akamkunjia vidole juu ya sarafu hiyo. Kisha akamgeukia mchekeshaji na kuinama.

"Haya, chapa."